Aliyeua ni Nani?

Kijana mmoja jirani yangu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, amezama katika riwaya ya upelelezi: mji wenye kanisa kuu katika Uingereza ya kale, maiti imekutwa, mtawa anafuatilia nyayo. Kila jioni ananiuliza namshuku nani. Nazipenda hadithi hizo tangu enzi za Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Mohamed Said Abdulla, maana ukurasa wa mwisho muuaji hutajwa na msomaji akalala.

Sisi tuliotoka Bukavu, Kongo, tuna kanisa kuu letu na maiti yetu. Tarehe 29 Oktoba 1996, mji ukitekwa, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini humo, eneo la Nyawera. Alikuwa amepaza sauti kuwatetea raia na wakimbizi wa Rwanda. Mwili wake ulilala barabarani hadi kesho yake. Mpelelezi hodari wa nini hapo, wakati walioona wapo? Kinachokosekana ni mahakama.

Hata Canterbury, katika Uingereza hiyo ya kale, hapakuwa na fumbo. Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170 na watu wanne wa Mfalme Henry II, wote wanajulikana kwa majina. Mwaka 1174 mfalme alikwenda pale miguu mitupu, akachapwa viboko na watawa. Toba ya kisiasa? Huenda. Ila alikwenda.

Wenyeji wetu nao wana yao. Mei 1983 Wamalawi walitangaziwa kwamba mawaziri Matenje, Gadama na Sangala, pamoja na mbunge Chiwanga, wamekufa kwa ajali ya gari huko Mwanza, ya hapa Malawi. Ajali! Watu walinong'ona miaka kumi na moja. Rais Banda alipoanguka mwaka 1994, mwaka uleule gereza lake hili la Dzaleka lilipogeuzwa kambi yetu, iliundwa tume chini ya Jaji Mtegha. Mashahidi wakasema: waliuawa na polisi, gari likasukumwa baadaye. Mahakama ilimwachia huru Banda mwaka 1995, na leo Lilongwe kuna kaburi lake la fahari. Sitasema haki ilipatikana. Lakini hakuna tena anayethubutu kuuita mkasa ule ajali, na hiyo ni kazi ya mashahidi waliotunza walichokiona.

Baba zangu na mama zangu mliokuwa Bukavu Oktoba ile, nunueni daftari. Andikeni saa, njia, sare mlizoziona, lugha mliyoisikia. Kisha mkabidhini mtoto mnayemwamini, kabla safari ya kuhamishiwa Kanada au ya kaburini haijawafikia.