Aliyechimba Shimo



Mtu akizika kitu kibaya katika kiwanja chake, kisha akakiuza na kumwambia mnunuzi waziwazi kwamba humo mna taka na hasara ikitokea asidaiwe, je, ametua mzigo wake? Wengi wetu twaweza kujibu upesi kwamba ndiyo. Amesema kweli, wala hakumficha mtu. Ni biashara ngapi sokoni zilizo na unyofu hata wa kiasi hicho?

Jambo hili lilitokea katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, Marekani. Palikuwa na mfereji uitwao Love Canal, ulioanza kuchimbwa miaka ya 1890 ukaachwa kabla ya kumalizika. Tangu mwaka 1942 kampuni ya kemikali ya Hooker iliufanya jaa lake, ikafukia humo tani zipatazo 21,000 za taka zenye sumu, nyingi zikiwa ndani ya mapipa ya chuma. Mwaka 1953 ililiuzia bodi ya shule za mji eneo hilo kwa dola moja tu. Hati ya mauzo ilitaja taka hizo, na kwamba kampuni isidaiwe madhara yoyote. Bodi ikapokea, shule ya watoto ikajengwa, na nyumba zikaota kandokando.

Lakini chuma huoza. Mvua na theluji za miaka ya 1970 zililijaza shimo lile kama bakuli, na maji ya sumu yakapenya ardhini hadi kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu. Agosti 1978 ikaamriwa shule ifungwe, Rais Carter akatangaza hali ya hatari, na familia zaidi ya 200 zikaanza kuhamishwa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Hati huwafunga waliokubaliana. Mtoto aliyecheza juu ya jaa lile hakutia sahihi popote, na maji hayakusoma hati. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chamdai aliyeacha shimo wazi amlipe jirani ambaye mnyama wake ametumbukia akafa. Hakiulizi kama alitoa onyo. Wako watakaosema kwamba kampuni ile ililifunika shimo lake, na kwamba siku zile kuzika taka namna hiyo lilikuwa jambo la kawaida. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Hata bodi, iliyoambiwa ikajenga, ina sehemu yake. Ila sisi hatuoni kwamba lawama ikigawanywa kwa watu wawili, kila mmoja hubaki na nusu. Sheria ya Marekani ya Desemba 1980 iliwadai gharama za usafishaji hata wale waliotupa taka kabla haijatungwa, na mwaka 1995 kampuni ya Occidental, iliyokuwa imeinunua Hooker, ilikubali kuilipa serikali kuu dola milioni 129.

Na usafishaji wenyewe ulikuwaje? Sisi tukisema kusafisha twafikiri kufagia, kumwaga, na kwisha. Kule taka zimebaki palepale chini. Juu yake pamewekwa kifuniko cha udongo wa mfinyanzi, na baadaye tabaka la plastiki, ili mvua isiingie. Pembeni ilichimbwa mitaro yenye mabomba ya matundu, inayoyakamata maji machafu na kuyapeleka katika mtambo unaoyachuja kwa mkaa maalumu. Mwaka 2004 mahali hapo paliondolewa katika orodha ya taifa ya maeneo ya hatari zaidi, lakini mitaro na mtambo havikuondolewa, na visima vya kupimia maji viliendelea kukaguliwa. Mtu anayelinda pampu leo huenda hakuwa amezaliwa pipa la kwanza lilipozikwa.

Je, ni haki alinde uchafu wa wengine? Tulipozungumza haya baada ya ibada, mzee mmoja alisema mwenye kurithi nyumba hurithi na paa lake linalovuja. Mama mmoja akamwuliza, "Na kampuni ikifa, Baba, nani atamlipa mlinzi wa pampu?" Mzee hakujibu, nasi hatukuwa na la kumsaidia. Jumamosi iliyofuata tulikwenda nyuma ya ukumbi wetu, tukapima kwa miguu umbali kati ya shimo letu la taka na kisima tunachochota. Ni hatua 22.