Chati za Busia

Kijana anayeanza utafiti wa uchumi wa maendeleo angepaswa kusimuliwa kisa cha chati za Busia kabla hajakabidhiwa faili lake la kwanza la takwimu. Ndani yake hamna mwizi wala mwongo. Waliohusika walikuwa watu makini, na mmoja wao, Michael Kremer, mwaka 2019 alitunukiwa Nobel ya Uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Hilo ndilo linalonitisha. Ikiwa takwimu ziliweza kuwaonyesha watu kama hao jambo ambalo halikuwapo, zitamfanyaje kijana aliye peke yake na kompyuta yake, muda wa ufadhili ukimwishia?

Katika miaka ya 1990, shule nyingi za msingi za wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, zilikuwa na vitabu vichache mno. Baadhi zilikuwa na chati: karatasi kubwa zilizobanwa pamoja kwa juu, ambazo mwalimu hutundika mbele ya darasa na kufunua moja baada ya nyingine, zenye michoro ya masomo kama sayansi, afya na hisabati. Mtu yeyote aliyewahi kufundisha ataona mantiki yake. Chati moja huonwa na darasa zima kwa wakati mmoja, haigharimu sana, hudumu miaka, na mtoto ambaye bado anasoma kwa kubabaika hufuata mchoro bila taabu. Je, zilikuwa zikiwasaidia watoto kufaulu?

Njia ya kawaida ya kujibu ni kukusanya alama za mitihani, kuzipanga shule zenye chati upande mmoja na zisizo nazo upande wa pili, halafu kulinganisha. Paul Glewwe, Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz walifanya hivyo. Katika masomo ambayo chati hutumika, shule zenye chati zilionekana kuwa mbele kwa kiasi kinachofikia asilimia 20 ya mkengeuko wastani. Kwa lugha ya darasani, mtoto aliyekuwa katikati kabisa ya wenzake 100 angewapita kama 8 kati ya wale waliokuwa mbele yake. Kwa karatasi za kutundika ukutani, hayo ni mafanikio makubwa. Wakafanya kila ambalo mwanafunzi hufundishwa: wakaingiza kwenye hesabu vifaa vingine vya shule, ili sifa ya vitabu au ya madawati isije ikapewa chati. Tokeo halikupungua.

Hapo ndipo kijana wetu angeandika makala yake, na sidhani kama kuna mtu angemzuia. Msimamizi angefurahi kwa kuwa tokeo limestahimili ukaguzi. Mfadhili angefurahi kwa kuwa dawa ni rahisi, na wizara ingepata kitu cha kununua.

Lakini watafiti wale walikuwa na takwimu nyingine mkononi. International Child Support, shirika la Kiholanzi lililokuwa likisaidia shule za eneo hilo, lilikubali kugawa chati kwa kura. Shule zilikuwa 178. Nusu yake, shule 89, ziliangukiwa na kura na zikapewa chati. Nyingine zikaendelea bila. Kwa kuwa ni kura iliyoamua, hapakuwa na sababu ya shule za upande mmoja kuwa bora kuliko za upande wa pili tangu mwanzo. Alama zikakusanywa na kulinganishwa. Hapakuonekana dalili yoyote kwamba chati zimeinua matokeo ya watoto. Makala ilitoka mwaka 2004 katika Journal of Development Economics, majibu hayo mawili yakiwa yamewekwa bega kwa bega ili kila msomaji ajionee.

Maelezo yao ni haya: shule iliyojipatia chati yenyewe si shule ya kawaida. Huenda mwalimu mkuu wake ni mtu wa kufuatilia, anayejua mlango upi wa ofisi ya elimu wa kubisha. Huenda wazazi wake huitikia wakiitwa mkutanoni, na walimu wake huwahi vipindi. Mambo hayo humsaidia mtoto kufaulu, na mambo hayohayo huileta chati shuleni. Ukizihesabu chati, unahesabu pia bidii ya mwalimu mkuu bila kujua, kwa sababu dodoso halikuwa na nafasi ya kuiandika. Wala huwezi kujiokoa kwa kuongeza vigezo, maana unachoweza kukidhibiti ni kile tu kilichokwisha kuandikwa.

Naomba kijana asilichukulie hili kama habari ya chati. Kazi nyingi anazozisoma juu ya mbolea, mikopo, vyandarua na simu za mkononi huanza na swali la namna ileile: walionacho wako vipi, wasionacho wako vipi? Mkulima aliyekopa alijitokeza kukopa, na kuna aliyeamua kuwa anakopesheka. Mama aliyetundika chandarua alikuwa na sababu ya kukitundika ambayo jirani yake hakuwa nayo. Kabla ya kuuliza tofauti ni kubwa kiasi gani, uliza watu hawa walifikaje kwenye makundi haya mawili. Ukishindwa kulieleza hilo kwa sentensi chache, mbele ya mtu asiye mchumi, makala yako haijaanza, hata kama majedwali yamekwisha.

Kura nayo haimalizi kazi. Upo mtego wa pili, na huu humnasa kijana pale kura inapotoa sifuri. Ametumia miaka, fedha za watu zimetumika, na majarida hayapendi sana sifuri. Anaanza kuzigawa takwimu. Labda chati ziliwasaidia wasichana? Labda darasa la sita tu? Labda shule zilizo karibu na barabara? Hesabu yake iko wazi. Ukifanya majaribio 20 yasiyotegemeana, kila moja kwa kiwango cha makosa cha asilimia 5, uwezekano wa kupata angalau tokeo moja la uongo linaloonekana la kweli ni asilimia 64. Mwenye subira hakosi. Atalipata, atalitungia nadharia, na huenda yeye mwenyewe akaiamini. Kwa sababu hiyo Chama cha Wachumi cha Marekani kilianzisha mwaka 2013 daftari la kusajili majaribio, ambamo mtafiti anaandika mapema anachotaka kupima. Kwa kijana, kusajili huko ni kinga dhidi ya nafsi yake ya miaka mitatu ijayo, itakayokuwa imechoka na inayotafuta kazi. Watunzi wa makala ya chati hawakuificha sifuri yao, na kwa maoni yangu ile sifuri imewafaa walimu na wachumi kuliko ushindi mwingi uliochapishwa.

Hapohapo Busia kulikuwa na jaribio lingine ambalo wasomaji wetu wa Kiswahili wana haki ya kulielewa kuliko wengine. Shule 100 zilichaguliwa na kugawanywa kwa kura katika makundi manne. Shule 25 za kundi la kwanza zilipata vitabu vya kiada mwaka 1996. Nani angetilia shaka faida ya vitabu? Hata wasioamini mengi juu ya misaada waliamini vitabu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009 na Glewwe, Kremer na Moulin, yalionyesha kuwa wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Sababu mojawapo waliyoitaja ni kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa pale kilikuwa lugha ya tatu. Mtoto alizungumza Kisamia au Kiteso nyumbani, akakutana na Kiswahili, kisha akapewa kitabu ambacho hakuweza kukisoma.

Hapa mtafiti kijana wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ana mali ambayo profesa wa mbali hana. Angeweza kukaa nyuma ya darasa asubuhi moja, akampa mtoto kitabu na kumwomba asome ukurasa kwa sauti. Angeweza kumuuliza mwalimu, kwa lugha ya mwalimu, watoto wangapi wanafuata. Wengi wetu tunapoingia katika fani hii hupewa kazi ya uhojaji kwanza, na tunafundishwa kuiona kama ngazi ya kupandia kuelekea kwenye hesabu. Ni kosa kubwa. Anayeshinda juani na dodoso ndiye anayejua ni swali lipi lililojibiwa kwa adabu tu, ni kaya ipi iliyoogopa kutaja idadi ya ng'ombe, na ni mwalimu mkuu yupi aliyejaza daftari la mahudhurio siku moja kabla ya wageni kufika. Akiwa kimya mkutanoni kwa sababu yeye ni mdogo na wakubwa wanazungumza Kiingereza cha vitabuni, elimu hiyo inapotea, na mradi mzima unaendelea bila kujua. Sema. Andika katika daftari lako la uwandani, uitaje siku, na umkabidhi mkuu wako kwa maandishi.

Kuna jambo lingine ambalo wenye haraka huliruka. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walifanya jaribio katika shule 140 za magharibi mwa Kenya, wakiajiri walimu wa mkataba, na watoto waliofundishwa na walimu hao walifanya vizuri zaidi. Serikali ya Kenya nayo ikaingia katika ajira ya walimu wa mkataba nchini kote, 18,000 kwa idadi. Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu, Alice Ng'ang'a na Justin Sandefur wakapima mpango huo katika shule 192 kutoka mikoa yote. Pale ambapo shirika la World Vision lilisimamia ajira, alama za watoto zilipanda. Pale ambapo serikali ilisimamia mpango uleule, hazikupanda. Mishahara ilichelewa, na mpango ukaingia katika mvutano wa chama cha walimu na serikali juu ya ajira ya kudumu. Kwa hiyo unaposoma kwamba jambo fulani "linafanya kazi", soma tena ni nani alikuwa akilifanya, na nani alikuwa akilipa, na kama malipo yalifika mwisho wa mwezi. Napendezwa pia na jambo moja katika orodha ya majina hayo: wamo wachumi wa Kenya, ambao nadhani walijua tangu mwanzo kwamba wizara na shirika havifanani hata kidogo.

Nimekiacha hadi sasa kwa makusudi kisa cha minyoo, kinachojulikana zaidi, kwa sababu kinamhusu kijana moja kwa moja. Edward Miguel alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Harvard wakati kazi ile ilipoanza mwaka 1998, katika shule 75 za Budalangi na Funyula, hukohuko Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Dawa za minyoo zilitolewa kwa awamu. Makala yake na Kremer ilitoka katika jarida la Econometrica mwaka 2004, ikidai kwamba utoro ulipungua kwa robo, na kwamba faida ilivuka hadi kwa watoto wa shule jirani ambao hawakumeza dawa, hata kwa umbali wa kilomita 3 hadi 6. Makala hiyo ilisomwa duniani kote, na sera zikajengwa juu yake.

Ndani ya programu ya kompyuta iliyokokotoa majirani hao kulikuwa na kosa. Ilikuwa ikihesabu shule 12 zilizo karibu zaidi tu, hata pale ambapo shule ndani ya umbali huo zilikuwa nyingi kuliko hizo. Miaka ikapita. Mwaka 2015 watafiti wa afya wa London waliorudia hesabu nzima, wakiwamo Alexander Aiken, Calum Davey, Richard Hayes na James Hargreaves, walichapisha kazi yao katika jarida la wanaepidemiolojia, na mjadala ukawa mkali kiasi cha kuitwa vita vya minyoo. Kosa liliposahihishwa, faida ya kilomita 3 hadi 6 haikusimama tena. Ile ya ndani ya kilomita 3 ilibaki, na kupungua kwa utoro katika shule zilizopewa dawa kukabaki pia, ingawa pande mbili ziliendelea kubishana juu ya namna bora ya kuzichambua takwimu zile.

Kosa lile lilionekana kwa sababu Miguel na Kremer walitoa takwimu zao na programu zao zote kwa watu waliokuja kuzikagua. Mficha uchi hazai, na mtafiti anayefungia faili zake hana wa kumsahihisha. Miguel alikuwa amekwisha kuanzisha Berkeley mwaka 2012, pamoja na wenzake, kituo cha kuhimiza uwazi katika sayansi ya jamii, na watafiti vijana wamejifunza humo namna ya kuandika mpango wa uchambuzi kabla ya kuona takwimu na namna ya kuacha faili ambalo mgeni anaweza kulifungua na kulielewa.

Basi, wewe uliye katika mwaka wa kwanza wa shahada yako, takwimu za minyoo zinapatikana bure kwenye mtandao, pamoja na mwongozo wake. Zipakue. Andika upya hesabu ya shule jirani kwa mkono wako, bila kuangalia ya kwao, na uone kama unafika kwenye idadi ileile. Kisha mwombe mwenzako mmoja afanye hivyohivyo kwa jedwali lako la kwanza, kabla hujamwonyesha msimamizi.