Faida Isiyodhulumu Bahari

Ndugu zangu Waislamu, nauusia moyo wangu kwanza, kisha nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu pale ambapo wengi wetu humsahau: dukani, kwenye boti, kwenye mizani, na ofisini mwa hoteli.

Mtume wetu (s.a.w.) alifanya biashara kabla ya kupewa utume, na soko alilijua. Siku moja alipita penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka vimelowa. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu watu waione, kisha akatangaza kuwa anayeghushi si katika watu wake. Tukiisikia hadithi hii huwaza muuzaji na mnunuzi peke yao. Lakini yuko na mtu wa tatu, ambaye hakuwepo tulipopatana bei, na madhara yakamwangukia yeye. Hoteli ikifungulia maji taka baharini usiku, mgeni wa Diani hulala kwenye shuka safi na risiti yake haina kasoro. Anayeulowesha mkono ni mvuvi. Haki yake imeliwa, naye hata mlango wa kudai haujui.

Tuteremke Gazi, hapo kati ya Diani na Msambweni. Wazee wanakumbuka miaka ya sabini, mikoko ilivyokatwa kwa wingi ikawa kuni za matanuri ya chokaa na matofali. Waliofaidika walifaidika. Kijiji kikaachiwa ufuo mtupu na mawimbi yanayomega ardhi, na samaki wachanga wakakosa mizizi ya kujificha. Kuanzia miaka ya tisini watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) walishirikiana na wanakijiji kupanda upya. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza Mikoko Pamoja, mradi wa kwanza duniani wa kijiji kuuza hifadhi ya hewa ya ukaa inayotokana na mikoko.

Biashara yenyewe ni hii. Mkoko hufyonza hewa ya ukaa, na tope lililo chini ya mizizi huifungia kwa muda mrefu sana, mradi msitu usiguswe. Wanakijiji hulinda hekta 117. Wanunuzi wa nje hulipia takriban tani 3,000 kwa mwaka, na fedha huingia katika mfuko wa jamii, ambao watu wenyewe huamua utumike vipi. Umeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Ikapandwa pia mivinje, ili watu wapate kuni na miti ya kujengea bila kurudi mikokoni. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vikaanza mradi wao, kwenye hekta 460.

Ukishika mche wa mkaka, aina ya mkoko, utaona rehema ya Mola. Umeota ungali juu ya mti, mrefu, wa kijani, ncha yake imeelekea chini, kazi yako ni kuuchomeka topeni tu. Na Mtume alituagiza kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza aupande.

Hata hivyo, tani si kafara. Kampuni ya ng'ambo inayonunua tani za Gazi huku moshi wake unaongezeka haijatubu, na haki ya mja hailipwi kwa sadaka aliyopewa mwingine. Nasi tuko humo humo. Futari unayogawa Ramadhani haimfidii jirani ambaye kisima chake kimeharibiwa na taka zako.

Simlaumu mama karanga anayekaanga samaki kwa kuni za mkoko kwa kukosa nyingine. Nawasemesha wenye mtaji. Desemba 2024 uchimbaji wa titani hapa Kwale ulikoma, baada ya zaidi ya miaka kumi. Kila mradi una mwisho wake, na ardhi watailima wajukuu zetu. Basi hesabu ya faida iliyokamilika ni ile iliyotoa kwanza gharama ya kurudisha kilichoharibiwa.

Kwa hiyo nakuombeni, kabla ya Ijumaa ijayo. Mwenye hoteli, fuata bomba lako la maji taka kwa miguu yako mpaka uone linapoishia. Mwenye tanuri au mkahawa, muulize anayekuletea kuni amezikata wapi, na akikwambia mikokoni, tafuta mwenye mivinje. Mwenye boti, chupa ulizotoka nazo Shimoni rudi nazo Shimoni. Na ukikuta kuna mtu uliyemdhuru, nenda kwake umlipe na umtake radhi, yungali hai na wewe ungali hai.