Ukimya wa Kigunduzi

Falsafa ya maarifa imeuliza tangu zamani iwapo kutoonekana kwa kitu ni hoja ya kwamba hakipo. Swali hilo, lililozoeleka zaidi katika mijadala ya dini kuhusu mambo ya ghaibu, limezuka upya katika fizikia ya fotoni, yaani chembe za nuru, na humo halijibiki kwa maneno matupu, kwa kuwa ukimya wa chombo hauna maana yoyote mpaka chombo chenyewe kiaminike.

Mwaka 1964 John Bell alionyesha kwamba, iwapo kila fotoni hubeba sifa zake tangu inapotoka kwenye chanzo na haiguswi papo hapo na yanayotendeka mbali nayo, uwiano wa vipimo vya fotoni pacha hauwezi kuvuka kikomo fulani. Majaribio yaliyofuata yalikivuka, lakini vigunduzi vilizikosa fotoni nyingi mno, hata watafiti wakalazimika kudhani kwamba zilizonaswa ziliziwakilisha zote bila upendeleo. Dhana hiyo ni nzito, kwani ni sawa na hakimu kuhukumu kwa maneno ya mashahidi wachache waliofika, asijue kama waliobaki nyumbani walizuiwa makusudi. Mwaka 1993 Philippe Eberhard alithibitisha kwamba inaweza kuachwa kabisa endapo zaidi ya theluthi mbili za fotoni zitanaswa.

Kiwango hicho kilifikiwa kwa msaada wa superkondakta, yaani maada inayopitisha umeme bila ukinzani inapokuwa katika baridi kali. Katika kigunduzi kilichotangazwa mwaka 2001 na Gregory Gol'tsman wa Moscow pamoja na wenzake, utepe wa naitraidi ya niobiamu, wenye unene wa nanomita chache tu, hupozwa hadi nyuzi chache juu ya sifuri halisi na kupitishiwa mkondo ulio karibu na ukomo wa uwezo wake. Fotoni moja ikiupiga, doa dogo hupata joto, ukinzani huzuka, mkondo huhama njia, na mpigo wa volteji husajiliwa, ingawa fotoni yenyewe imekwisha kumezwa. Mwaka 2015 watafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, mjini Boulder, walitumia vigunduzi vya aina hii kunasa takriban asilimia 75 ya fotoni, na kikomo cha Bell kikavukwa bila dhana ile.

Ufanisi peke yake hautoshi, kwa maana utepe huo huweza kutoa mpigo pasipo fotoni, na kila hatua ya kuusogeza mkondo karibu na ukomo, ambayo huongeza usikivu, huongeza pia ushuhuda huo wa uongo. Kwa hiyo kuboresha kigunduzi ni kazi ya kifalsafa kama ilivyo ya kihandisi. Hata hivyo, kigunduzi kisichokosa fotoni hata moja hakiwezi kuthibitisha kwamba uchaguzi wa kipi kipimwe ulikuwa huru, kama hoja ya Bell inavyohitaji, na swali hilo linabaki mikononi mwa wanafalsafa.