Ni Nani Atakayekuja?

Aliyeishi mtaa wa Kiyovu, Kigali, alizoea sauti ya king'ora bila kujua kwamba ameizoea. Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali, CHUK kama wenyeji wanavyoiita, ilikuwa karibu, na magari ya wagonjwa yalipita usiku na mchana. Kisha ikaja Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Rwanda alitangazwa tarehe 14, na wiki moja baadaye watu wakaamriwa wabaki majumbani. Pikipiki za abiria zikasimama. Mji ukanyamaza, na swali likabaki: ukimya ule ulikuwa na maana gani?

Jibu la kwanza ni jepesi, tena lina ukweli. Barabara ikiwa tupu, mifupa haivunjiki. Wengi wanaobebwa na magari ya wagonjwa ya Kigali ni majeruhi wa ajali, na pikipiki zina sehemu kubwa katika ajali hizo. Kwa hiyo ndani ya ukimya ule ulikuwamo uzima wa kweli: kijana ambaye angeletwa akivuja damu alikuwa kwao, anakula na nduguze.

Lakini moyo unaoshindwa kupiga hautii amri ya kubaki nyumbani. Uchungu wa uzazi haungoji amri iondolewe. Katika nchi nyingi mwaka ule, idara za dharura zilipokea watu wachache kuliko kawaida, hata wale wenye maradhi ya moyo, nao madaktari wakaingiwa na wasiwasi: hawa wamepona, au wanafia vitandani mwao? Benchi tupu la hospitali halitoi jibu. Afya huliacha tupu, na hofu huliacha tupu vilevile.

Basi hatuna budi kuuliza dharura yenyewe ni kitu gani. Tumezoea kuidhania kuwa hali ya mwili: damu, homa, pumzi inayokatika. Mimi naona hayo ni maumivu, na maumivu peke yake bado si dharura. Maumivu huwa dharura pale mtu anapoamua kwamba jambo hili haliwezi kungoja, akamwita mwenzake, na mwenzake akakubali kuacha alilokuwa akilifanya. Dharura ni haki ya mtu kuukatiza muda wa watu wengine. Na haki hiyo husimama juu ya imani: kwamba nikiita, yuko atakayekuja, na kwamba akija hatanihesabu kuwa mzigo.

Mfikirie mzee ambaye kifua kinambana saa saba ya usiku, wakati wa amri ya kutotoka nje. Simu iko mkononi. Anajua namba ya kupiga. Hata hivyo anaitazama simu ile, anaiweka kando ya mto, anaichukua tena. Anawaza: wauguzi wamechoka. Hospitalini ndiko ugonjwa uliko. Labda ni gesi tu. Wenye shida hasa ni wengine. Mzee huyu hapungukiwi na gari, maana gari lipo na barabara ni nyeupe. Kilichomtoka ni uhakika kwamba uhai wake una thamani ya kumwamsha mtu.

Je, uhakika huo mtu huupata wapi? Nadhani lugha ya hapa inajua. Kwa Kinyarwanda gari la wagonjwa huitwa imbangukiragutabara, yaani lenye wepesi wa gutabara. Na gutabara kwao ni neno pana: ni kwenda vitani, ni kumwokoa aliyezidiwa, ni kufika kwenye msiba wa jirani. Kabla ya gari kulikuwa na ingobyi, machela ya kusukwa iliyofungwa kwenye miti miwili. Wanaume wanne waliiweka mabegani na kushuka nayo kilimani, na wengine walitembea kando wakisubiri zamu. Bega likichoka, jingine liliingia chini ya mti bila machela kusimama. Vijijini watu walijiunga katika vikundi vya ingobyi, kila nyumba ikijua kwamba leo inabeba, kesho itabebwa. Na neno hilohilo, ingobyi, ni jina la kibebeo ambacho mama humbebea mtoto mgongoni. Aliyeingia humo mara ya kwanza hakuomba, wala hakuulizwa kama anastahili.

Hapo ndipo janga lilipotugusa kwa ndani zaidi. Lilikataza bega. Jirani aliambiwa asikaribie, mwana asimshike mkono mama yake mgonjwa, waombolezaji wasikusanyike. Kazi yote ya gutabara ikawaangukia watu wachache waliovaa mavazi ya kujikinga, ambao mgonjwa aliona macho yao tu. Walikuja. Lakini aliyejifunza kuomba msaada kwa kuegemea bega analolijua angemwita vipi mtu asiye na uso?

Katika nchi hii, swali la nani atakayekuja lina kumbukumbu nzito. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiwa yanaendelea, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kupunguza walinzi wa amani kutoka takriban 2,500 hadi 270. Azimio hilo lilikuwa la 912. Leo, Mnyarwanda aliyezidiwa akitaka gari la wagonjwa hupiga 912. Ni sadfa, wala sitaki kuipa uzito wa unabii. Lakini tarakimu zilizowahi kuwaondoa waokoaji sasa ndizo zinazowaita, na watu walioachwa peke yao wamejenga upya, simu moja baada ya nyingine, mazoea ya kuamini kwamba ukiita utaitikiwa. Imani ya namna hiyo haitolewi kwa amri. Hujengwa kila mara mtu anapokuja, na hulegea kila mara mtu anapoona haya kuita.

Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mara nyingi tumeisoma methali hiyo kama kipimo cha yule anayefaa. Usiku wa janga ulinifundisha kuisoma pia kwa upande wa mwenye dhiki. Rafiki anatambulikaje, ikiwa aliyezidiwa hathubutu kumwita? Pengine wajibu wa jirani huanza zamani kabla ya maradhi, katika salamu na kuulizana hali siku ambazo hakuna linalouma, ili usiku ule ukifika, mzee asiiweke simu kando ya mto.