Je, Ni Haki Kumlinda Mzee kwa Kumpokonya Uamuzi?

Katika familia nyingi za Jinja na Mbale hufika siku ambapo watoto huitana kumjadili mzazi. Pengine mama ameteleza usiku akienda chooni, au baba amekoswakoswa na boda boda akivuka barabara. Mmoja anapiga simu kutoka Kampala, mwingine anaahidi kutuma pesa kutoka Dubai, na kabla ya jua kuchwa uamuzi umepatikana: mzee auze mbuzi wake, afunge nyumba, ahamie kwa mtoto mjini. Mara nyingi mzee mwenyewe huambiwa mwishoni, kama mtoto anayearifiwa kwamba muhula ujao atasoma shule nyingine. Insha hii inauliza kama jambo hilo ni haki.

Wanaofanya hivyo si watu wabaya, na hoja yao ina uzito. Mifupa ya uzeeni haiungi haraka, na kuanguka mara moja kunaweza kumlaza mtu kitandani hadi kufa kwake. Mtoto ambaye mama yake amefia ndani peke yake bila mtu kujua atajilaumu maisha yake yote, na majirani watamsaidia kujilaumu. Tena Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka serikali kuweka mipango ya ustawi na matunzo ya wazee. Sembuse watoto waliowazaa? Kwa hiyo sisemi kwamba mzee aachwe. Nasema tujiulize kama tunachokilinda ni maisha yake au ni utulivu wa mioyo yetu sisi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwonya mgeni mvivu, lakini ina upande mwingine. Jembe ndilo linalomtoa mtu katika ugeni. Aliyepewa jembe ana sehemu yake katika kazi, na mwenye sehemu katika kazi ana sauti katika mambo ya nyumba. Tukiielewa hivyo, kumpokonya mzee jembe, ufunguo na kibindo chake ni kumrudisha katika ugeni, tena ndani ya ukoo alioujenga mwenyewe. Atalishwa vizuri na kulala penye sakafu ya saruji, lakini ataomba ruhusa kwenda kanisani au msikitini. Mgeni huheshimiwa sana, ila haamui chochote.

Mfano mgumu zaidi uko karibu na Mbale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Machi 2010 maporomoko ya udongo yalifukia kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, na mamia ya watu walikufa au kupotea. Serikali iliwahamishia baadhi ya walionusurika Kiryandongo, mbali sana na mlima wao. Kuanzia 2019 wengine walijengewa nyumba Bunambutye, kwenye tambarare za wilaya ya Bulambuli. Hata hivyo wapo waliorudi mlimani, na wapo waliokataa kabisa kuondoka. Ni rahisi kuwaita wakaidi. Lakini mzee wa Kimasaba anapokataa kushuka, hazungumzii udongo peke yake. Huko juu kuna migomba na mikahawa aliyoipanda, makaburi ya wazazi wake, na vijana wanaotaka baraka zake kabla ya kuingia imbalu. Akishuka anaweza kupata nyumba salama ambamo hakuna anayemhitaji.

Je, basi ana haki ya kubaki? Hapa lazima tutenganishe hatari za aina mbili. Hatari inayomhusu yeye pekee ni yake kuipima, mradi akili yake ni timamu na ameelezwa ukweli wote. Kijana huchagua kazi ya boda boda, kazi yenye hatari kila siku, na hakuna ukoo unaokutana kumfungia ndani. Kwa nini miaka mingi ya kuishi impunguzie mtu haki hiyo badala ya kumwongezea? Lakini wazee wengi wa Uganda wanalea wajukuu, wengine yatima. Mtoto wa miaka sita anayelala chini ya mteremko wenye nyufa hakuchagua chochote. Hapo neno la babu haliwezi kuwa la mwisho. Watoto washushwe, na babu akitaka kuendelea na shamba lake, asaidiwe kupanda kulima wakati wa kiangazi na kushuka mvua zinapoanza.

Kati ya kumwacha mzee na kumhamisha kuna kazi nyingi ndogo ambazo hatupendi kuzifanya, kwa sababu zinadai muda wetu kuliko pesa zetu. Katika nyumba za zamani za wafanyakazi kama zile za Walukuba mjini Jinja, au vijijini Busoga, mzee anaweza kuwekewa chuma cha kushikilia chooni na taa ya sola njiani. Maji yatiwe katika madumu ya lita tano ambayo anaweza kuyainua, badala ya dumu moja la lita ishirini. Kijana wa jirani apite kila asubuhi kumsalimu jaja, na dereva mmoja wa boda boda anayeaminika ampeleke kliniki siku ya kupimwa shinikizo la damu. Mambo haya yanapunguza hatari, na mzee anabaki mwenye nyumba.

Pesa nazo zina nafasi yake. Mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa wazee wa wilaya chache pesa za kila mwezi, ambazo baadaye zilifikia Sh 25,000, chini ya mpango wa SAGE. Mpango huo ulipoenezwa nchi nzima, ulianza na wenye miaka 80 na zaidi. Kiasi hicho ni kidogo, na wapo walioukosa kwa sababu kitambulisho cha taifa kiliandika umri usio wao. Zanzibar nayo ilianza Aprili 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na zaidi. Uzuri wa malipo haya hauko katika wingi wake, bali katika kuingia mkononi mwa mzee mwenyewe. Bibi anayenunua sukari yake na kumpa mjukuu pesa ya kalamu bado ni mtoaji katika nyumba yake.

Limebaki swali la akili inapofifia. Mzee anayesahau njia ya kurudi nyumbani hawezi kuachiwa kila uamuzi. Lakini usahaulifu wa namna hiyo mara nyingi hauji kwa siku moja. Aulizwe mapema, angali anajua: siku ukishindwa, ungependa kuishi wapi, na nani, na pesa zako azishike nani? Hapo hata watoto watakapoamua, watakuwa wanatekeleza neno lake. Na hata asiyekumbuka jina la mjukuu anaweza kujua kama anataka chai au uji. Aulizwe hilo pia.

Jibu langu, basi, ni kwamba si haki kumlinda mzee kwa kumpokonya uamuzi, isipokuwa pale hatari inapomwangukia mtu asiyeichagua, au akili ya mzee inapomwacha. Penginepo pote wajibu wetu ni kumpunguzia hatari huku tukimwachia neno lake. Sisi tunaosoma leo tutaitwa katika vikao hivyo hivi karibuni, wengi wetu kwa simu. La kwanza la kuuliza ni hili: mzee mwenyewe amesemaje? Kama hakuna anayejua, kikao kiahirishwe mpaka aitwe.