NYIMBO ZA HUZUNI NA FARAJA YA MOYO

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Katika kata ya Kalangalala, mjini Geita, hukutana vijana waliotoka mbali kutafuta dhahabu. Usiku ukiingia, kijana aliyefiwa na mwenziwe katika duara hujilaza peke yake, akafungua simu, akasikiliza wimbo wa msiba, akalia, kisha moyo ukatulia. Basi watu huuliza: faraja hii ina ubaya gani?

Yapasa kwanza kufahamu kuwa huzuni yenyewe si dhambi. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na mashitaka yake akayapeleka kwa Mola wake tu. Na Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 wa Hijra. Lililokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kurarua nguo.

Ama wimbo, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 wa Hijra) amesema katika Minhaj kuwa kuimba pasipo ala ni makuruhu, na kusikiliza kwake kadhalika. Na ala kama udi ameziharimisha. Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505), naye ni Shafii, amepokea katika Ihyaa kuwa wimbo hautii moyoni kisichokuwamo, bali hutikisa kilichomo. Kisha akagawanya huzuni mafungu mawili: kujutia upungufu wa mtu katika dini yake ni jambo la kusifiwa, na kusikitikia yaliyokwisha pita ni jambo la kulaumiwa.

Wala haikanushiki kuwa aliyefikwa hupata nafuu akisikia msiba wake una maneno, na kwamba yeye si wa kwanza kufikwa. Walakini na atazame sharia ya taazia. Wanavyuoni wetu wamesema kuwa taazia ni sunna kwa muda wa siku tatu, na baada yake ni makuruhu, ila kwa aliyekuwa hayupo. Kwani moyo uliokwisha tulia haufai kufufuliwa huzuni. Basi ikiwa neno jema la jirani lina mpaka wake, itakuwaje wimbo unaofukua kaburi lile lile kila usiku, mwaka mzima? Huyo hajifariji tena. Anaulisha msiba wake usife.

Tena liko swali jingine, nalo ni zito zaidi: kwa nini kijana yule alifarijiwa na sauti ya mtu asiyemjua? Ni kwa kuwa hapana jirani aliyebisha hodi. Ndugu zake wako mbali, na walio karibu walimzika maiti wakarejea kazini. Haki iliyokuwa juu yao imeachiwa simu. Mwenye kumlaumu msikilizaji na ajiulize kwanza kama alikwenda kumpa pole.

Basi dawa yake ni watu kumwendea, kumpikia, kukaa naye, na kumwombea dua maiti wake pamoja naye. Wimbo humliwaza aliye hai peke yake. Dua humfikia na aliyekufa.

Wallahu aalam.